Habari za Vita Zilizochelewa Liuli

Mwezi wa Agosti, 1914, merikebu ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliingia Liuli katika Ziwa Nyasa. Wadachi waliiita bandari hiyo Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali lake lenye umbo mfano wa sanamu ya Misri. Merikebu yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa pwani ipate kutengenezwa. Rhoades akaipiga mzinga. Nahodha wake, Berndt, rafiki wa Rhoades, akaja kwa mashua, mwenye ghadhabu, akamwuliza kama amelewa. Alikuwa hajapata habari za vita, akashikwa mateka. Urafiki wao haukukatwa na ugomvi wowote, bali na habari iliyofika ng'ambo moja ya ziwa isifike ya pili.