Tetrahymena: kiumbe cha seli moja kilichofumbua siri ya kromosomu

Tetrahymena ni kiumbe cha seli moja kinachoishi katika madimbwi na mito. Urefu wake ni takriban milimita 0.05, na mwili wake umefunikwa kwa vinyweleo vinavyokiwezesha kuogelea. Mwaka 1923, mwanasayansi wa Ufaransa André Lwoff alifanikiwa kukikuza maabara bila kuchanganyika na bakteria. Kwa kuwa hugawanyika kila baada ya saa chache, watafiti wengi walikichagua.

Kiumbe hiki kina viini viwili. Kidogo hutunza urithi wa vizazi vijavyo; kikubwa huendesha shughuli za kila siku. Ndani ya kiini kikubwa, kromosomu hukatwa kuwa vipande vifupi, maelfu kwa maelfu. Seli ya binadamu ina kromosomu 46, yaani ncha 92 tu. Hivyo kwa mtafiti wa ncha hizo, Tetrahymena ilikuwa ghala lililojaa.

Mwaka 1978, Elizabeth Blackburn na Joseph Gall wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walieleza kwamba ncha hizo zina herufi sita za DNA, TTGGGG, zinazorudiwa mara nyingi. Ncha hizo, ziitwazo telomea, huilinda kromosomu kama pindo linavyozuia mkeka usifumuke. Mwaka 1982, Blackburn na Jack Szostak walionyesha kuwa telomea za Tetrahymena hufanya kazi hata ndani ya hamira. Mwaka 1984, Carol Greider, mwanafunzi wa Blackburn huko Berkeley, aligundua kimeng'enya kinachozirefusha: telomerasi. Blackburn, Greider na Szostak walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009.

Ugunduzi huo unamhusu kila mtu. Katika seli nyingi za mwili wetu, telomea hufupika kila seli inapogawanyika, hadi seli inapoacha kugawanyika. Seli nyingi za saratani, kinyume chake, huiamsha telomerasi na kuendelea kugawanyika bila kikomo.

Mwaka 2024, Marekani iliidhinisha imetelstat, dawa inayoizuia telomerasi, kwa baadhi ya wagonjwa wa uboho wanaotegemea kuongezewa damu. Hivyo utafiti ulioanza kwa kiumbe cha dimbwini umefika kitandani mwa mgonjwa, baada ya miaka 40 tangu telomerasi igunduliwe.