Historia fupi ya waya ulioniaibisha Mombasa

Samahani kwa kimya kirefu, kazi zilinizidi. Leo naweka programu kando kidogo tuzungumze kuhusu waya. Naam, waya!

Mwaka 2008 nilifunga seva ya saa katika ofisi ya mteja mmoja Mombasa. Kwa wale msiojua, setilaiti za GPS hubeba saa za atomiki, kwa hivyo zaidi ya kukuonyesha ulipo, hukupa pia saa sahihi kabisa. Nikaweka antena juu ya paa, nikateremsha waya wa koaksia hadi chumba cha seva, nikalipwa, nikarudi Nairobi.

Miezi michache baadaye simu ikaja. Malipo kadhaa yalionekana yamepokewa kabla ya ankara kuandikwa. Keshia akashukiwa wizi, akaambiwa akae nyumbani hadi uchunguzi uishe. Nikapanda basi la usiku.

Mfumo wa ankara ulifuata saa yangu, nao mtambo wa malipo ulikuwa na chanzo chake. Saa yangu ilikuwa imetangulia kwa sekunde 40! Seva haikuwa ikisikia setilaiti hata moja. Nilipopanda paani na kufungua koneta ya antena, maji yalidondoka. Ndani ilikuwa kijani kwa kutu ya shaba.

Tangu siku hiyo nimeusoma waya huu kwa heshima. Mwaka 1880 Mwingereza Oliver Heaviside, aliyewahi kuwa opereta wa telegrafu, alipata hataza ya waya ulio ndani ya waya mwingine. Shida yake ilikuwa nyaya jirani kuingiliana mawasiliano. Mwaka 1929 Lloyd Espenschied na Herman Affel wa AT&T waliomba hataza ya koaksia ya kubeba masafa mengi kwa pamoja, na mwaka 1936 laini ya majaribio kati ya New York na Philadelphia ikaweza kubeba simu 240 kwa wakati mmoja.

Ninaloipenda zaidi ni TAT-1 ya mwaka 1956, iliyopita chini ya bahari kutoka Scotland hadi Newfoundland. Mawimbi hufifia njiani, kwa hivyo wahandisi waliweka vikuza mawimbi humo baharini na kuvipa umeme kupitia waya ule ule unaobeba simu.

Antena yangu ilifanya vivyo hivyo. Setilaiti za GPS, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, ziko kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yanafika yakiwa dhaifu mno. Ndani ya antena kuna kikuza mawimbi kinachopata volti 3 hadi 5 kupitia koaksia. Sasa changanya umeme huo, maji ya mvua na chumvi ya Bahari Hindi. Shaba inaliwa upesi. Kosa halikuwa la bahari wala la keshia. Mimi sikuziba koneta, na pia sikuandika programu ya kunionya setilaiti zikipotea.

Haya basi, hivi ndivyo nilivyorekebisha. Nilikata waya hadi nikapata shaba safi, kwa sababu maji husafiri ndani ya wavu wake. Nikafunga koneta mpya, nikaizungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili mikunjo ipishane kama mabati. Juu yake nikaweka utepe mweusi usioharibiwa na jua. Kabla waya haujaingia ukutani niliuacha uning'inie kidogo chini ya tundu, maji yadondokee hapo. Sikuukunja kwa pembe kali, na niliweka kinga ya radi iliyofungwa ethi. Mwisho nilibadilisha RG-58 kwa waya mnene zaidi, maana katika masafa ya GPS, RG-58 hupoteza karibu nusu ya nguvu kila mita 5.

Saa ilirudi sawa jioni hiyo. Niliandika ripoti yenye jina langu mahali pa kosa, na keshia akarudishwa kazini. Nilipomwomba msamaha aliniuliza, "Kwa hivyo ni mvua tu?"

Nikamjibu, "La dada, ni mimi."

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.