Kutajwa Katika Katiba: Chimbuko la Rwenzururu

Vurugu za Kasese huelezwa mara nyingi kana kwamba ukali ni tabia ya watu wa milimani. Historia haituambii hivyo. Chini ya utawala wa Toro, watoto wa Wakonzo na Waamba walifundishwa kwa Kitoro, na lugha zao zilidharauliwa. Wakonzo wa Bwera walikuwa na ndugu zao Wanande ng'ambo ya mpaka, Kongo. Ndani ya Toro, kwao hasa, ndiko walikoonekana wageni.

Mwaka 1962 wajumbe wao, Isaya Mukirane akiwa mstari wa mbele, walidai katiba ya Toro iwataje Wakonzo na Waamba sambamba na Watoro. Kutajwa tu! Walikataliwa, wakatoka barazani, na tarehe 30 Juni ikatangazwa Rwenzururu. Mapigano yaliendelea kwa vipindi hadi makubaliano ya 1982.

Kasese ilifanywa wilaya mwaka 1974, na Wakonzo wakawa wengi wenye sauti. Tangu hapo Wasongora na Wanyabindi, walio wachache wilayani humo, wamelalamika kwamba wanabaguliwa, nao wanadai kutambuliwa.