Kura ya mwalimu wa ziada: Bungoma ilipowafundisha wachumi

Januari 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi. Kufikia 2005 idadi ya wanafunzi nchini Kenya ilikuwa imepanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.6. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, kwa kuwa tangu 1998 serikali ilikuwa imesimamisha ajira mpya na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ilikuwa ikijaza tu nafasi za waliostaafu, walioacha kazi au waliofariki. Vijana wenye cheti cha P1, cha ualimu wa shule za msingi, walikaa nyumbani wakisubiri barua ya ajira, huku shule za jirani zikikosa mtu wa kusimama mbele ya darasa.

Kanduyi, eneo bunge linalobeba mji wa Bungoma, lilikuwa ndani ya hali hiyo. Katika shule za Bungoma na Butere-Mumias ambazo watafiti walizipima, darasa la kwanza lilikuwa na wastani wa watoto 82. Mwalimu wa darasa kama hilo akijaribu kusahihisha daftari zote kwa siku moja, kengele ya kwenda nyumbani inalia kabla hajafika katikati ya rundo.

Hapo ndipo shirika la Kiholanzi la ICS lilipoingia na fedha za kuajiri walimu wa ziada, likishirikiana na wachumi watatu: Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Kremer hakuwa mgeni Magharibi mwa Kenya, kwani katikati ya miaka ya 1980 alifundisha shule ya sekondari Kakamega. Katika miaka ya 1990 alirudi akiwa mtafiti, na kazi yake ya mwanzo na ICS ilikuwa Busia. Walianza kwa kugawa vitabu vya kiada. Matokeo yaliwashangaza: vitabu viliwasaidia wale waliokuwa wakifanya vizuri tayari, lakini kwa wengine wote havikubadilisha chochote. Viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale. Mwaka 1998 zikafuata dawa za minyoo katika shule 75, na utoro ukapungua kwa takriban robo. Utafiti huo wa Kremer na Edward Miguel ndio uliovuma zaidi duniani, na miaka mingi baadaye wanatakwimu waliendelea kuugombania.

Mradi wa Bungoma haukuvuma hivyo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ndio uliosema mengi zaidi kuhusu Kenya.

Ulianza 2005 ukihusisha shule 210. Kwa kura, shule 140 kati ya hizo zilipewa fedha za mwalimu mmoja wa ziada wa darasa la kwanza, na 70 zilizobaki zikatumika kulinganishia. Kugawa walimu kwa kura kunaweza kuonekana ukatili kwa shule iliyokosa, lakini fedha hazikutosha shule zote, na kura haina binamu wala haimfahamu diwani. Kamati ya wazazi ndiyo iliyomtafuta mwalimu, ikamwajiri kwa mkataba wa muda mfupi na ikabaki na uwezo wa kutouendeleza. Mshahara wake ulikuwa kama robo ya ule wa mwalimu wa TSC, ingawa vyeti vyao vilikuwa sawa.

Darasa la watoto 82 likashuka hadi wastani wa 44. Watafiti wakawa wanafika shuleni bila taarifa kuangalia nani yuko darasani na nani hayupo. Walimu wa mkataba walikosa kazini siku moja pungufu kwa wiki wakilinganishwa na wenzao wa TSC, na watoto wao walijifunza zaidi.

Lakini habari haikuishia kwenye sifa za vijana wa mkataba. Walimu wa TSC walipoona mzigo umepungua, baadhi yao nao walipunguza bidii, kwa hiyo sehemu ya faida ya mwalimu wa ziada ikaliwa na utoro wa mwalimu wa zamani. Baya zaidi, walimu wa zamani walizishawishi kamati ziwaajiri jamaa zao. Msomaji yeyote aliyewahi kuketi katika mkutano wa wazazi hatashangaa.

Dawa yake pia ilijaribiwa. Katika nusu ya shule zilizopata mwalimu, wazazi walifunzwa namna ya kusaili waombaji, kufuatilia mahudhurio na kutathmini kazi ya mwalimu kabla ya kuuendeleza mkataba. Katika shule hizo undugu ulipungua, na walimu wa zamani hawakulegea kama kwingineko.

Katika shule 121 zilizokuwa na mkondo mmoja tu wa darasa la kwanza palikuwa na jaribio jingine. Baadhi ziligawa watoto katika makundi mawili kulingana na alama zao, na nyingine ziliwagawa kwa kura. Wengi wangetabiri kwamba watoto wa kundi la chini wangeumia. Haikuwa hivyo: baada ya miezi 18, katika shule zilizogawa kwa alama, watoto wa ngazi zote walikuwa mbele ya wenzao wa shule zilizogawa kwa kura. Hata mtoto aliyekosa kundi la juu kwa alama chache hakupoteza kitu. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu mwenye watoto wa kiwango kimoja anaweza kufundisha pale walipo.

Serikali ilipoamua kuajiri walimu 18,000 wa mkataba, chama cha walimu, KNUT, kilipinga, na mwishowe walimu hao wakaahidiwa ajira ya kudumu. Katika kipindi hicho hicho, timu nyingine ya wachumi, wakiwemo Wakenya Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu na Alice Ng'ang'a, iliurudia mradi wa mwalimu wa mkataba katika mikoa yote minane. Baadhi ya shule zilisimamiwa na World Vision na nyingine na Wizara ya Elimu yenyewe. Chini ya shirika, alama za watoto zilipanda. Chini ya wizara hazikusogea. Walimu wa upande wa serikali walicheleweshewa mishahara zaidi, na usimamizi wao ulikuwa dhaifu.

Oktoba 2019 Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walitunukiwa Nobel ya uchumi kwa utafiti wa namna hii. Magazeti ya Kenya yaliikumbuka Busia na minyoo yake. Bungoma ilitajwa kidogo.

Suala la walimu wa mkataba, hata hivyo, halikufa. Shule nyingi bado zina walimu wa BOM, yaani walioajiriwa na bodi za shule, wanaolipwa kwa michango ya wazazi, na sekondari msingi ilipoanzishwa, TSC iliwachukua walimu wapatao 46,000 kama wanagenzi, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, na mwezi uliofuata wakagoma. Vijana wa Bungoma wa 2005 nao walilipwa kidogo, lakini waliajiriwa na wazazi waliokuwa wakiwaona kila siku, na wale waliofanya kazi vizuri walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata ajira ya TSC baadaye. Mwanagenzi alibakiwa na ule mshahara mdogo tu. Januari 2025 Tume iliwaingiza wale 46,000 katika ajira ya kudumu, huku ikiwaita kazini wanagenzi wapya 20,000.