Bahari Iliyofanywa Ukuta

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mapatano ambayo watu wa pwani huyakumbuka kwa jambo moja tu: kwamba kwa karatasi ile Unguja na Pemba zilikabidhiwa ulinzi wa Uingereza. Karatasi hiyohiyo ilichora mstari magharibi ya Ziwa Viktoria, ukaikata nchi ya watu waliokuwa wakioana na kuuziana ng'ombe pasipo kuulizana cheti. Karagwe, na sehemu zake ambazo leo ni wilaya ya Kyerwa na kata kama Songambele, zikaangukia upande wa Mjerumani. Buganda na Bunyoro zikabaki kwa Mwingereza. Mstari ule haukuonekana kwa macho, walakini haikupita miaka mingi kabla ya mfalme mmoja kuukimbilia.

Mfalme huyo ni Mwanga, Kabaka wa Buganda. Mwezi Julai 1897 aliondoka kasrini kwake, akainua bendera ya uasi huko Buddu, akashindwa, akavuka mpaka na kuingia nchi ya Bukoba. Wajerumani walimpokea, wakamchukua hadi Mwanza na kumweka chini ya ulinzi. Alipokuwa huko, Waingereza walimtawaza mwanawe, Daudi Chwa, mtoto ambaye ndio kwanza ametimiza mwaka mmoja. Mwanga akatoroka Mwanza, akarudi kupigana, akashindwa tena, na mwishowe akajiunga na hasimu wake wa zamani, Kabalega wa Bunyoro. Wote wawili walikamatwa katika nchi ya Walango mwezi Aprili 1899. Kabalega alipigwa risasi ya mkono katika mapambano hayo, na mkono ule ukakatwa.

Msomaji wa Unguja atakuwa amekwisha kumkumbuka mtu mwingine. Mwaka mmoja kabla ya Mwanga kuvuka mpaka, Sayyid Khalid bin Barghash naye alimkimbilia Mjerumani. Khabari ya mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896 imeandikwa mara nyingi, na hapana haja ya kuirudia. Yaliyofuata hayasimuliwi sana. Khalid aliingia katika ubalozi wa Ujerumani na kukaa humo kwa zaidi ya mwezi, askari wa Kiingereza wakimngoja nje akanyage ardhi ya Unguja wamkamate. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa bamvua, mashua ya manowari ya Kijerumani, Seeadler, ilisogezwa hadi mlango wa bustani ya ubalozi. Khalid akatoka ubalozini akaingia chomboni bila ya unyayo wake kugusa nchi ya Uingereza. Bahari ikamvusha hadi Dar es Salaam.

Kwa mtu wa mwambao hilo si ajabu. Bahari kwetu ni njia: hutuletea wageni, hutupelekea maharusi, na mwenye deni lisilolipika huvuka akatulia. Mtawala wa Kiingereza aliitazama kwa jicho jingine. Kwao bahari ilikuwa pia ni ukuta, na ufundi wa kuitumia hivyo waliujua zamani. Tangu 1788 hata 1868 walisafirisha wafungwa wapatao 160,000, wanaume kwa wanawake, kutoka Uingereza na Ireland hadi Australia, wengi wao kwa makosa ya wizi mdogomdogo. Waliondolewa ili nchi yao ipumue, wakapandwa juu ya ardhi ya watu wengine ambao hawakuulizwa.

Yafaa kuwatazama wafungwa wale kwa makini, maana mateso yao hayakuwa madogo, na hata hivyo walikuwa na kitu ambacho Kabalega hakupewa. Mfungwa wa Australia alisomewa hukumu: miaka 7, au 14, au umri wake wote. Mwenye mwenendo mwema aliweza kupata cheti cha kumruhusu kufanya kazi ya ujira kabla ya muda wake kwisha. Ulipokwisha alikuwa huru, ijapokuwa nauli ya kurudi kwao ilikuwa juu yake, na wengi hawakuipata. Wafalme wa Kiafrika waliondolewa kwa amri ya serikali, wala hawakuhesabiwa miaka. Mtu asiyehukumiwa hana siku ya kufunguliwa. Hilo, katika jambo zima la uhamisho, ndilo lililokuwa zito kuliko pingu.

Mwanga na Kabalega wakapelekwa Shelisheli. Huko walimkuta au walifuatwa na Prempeh wa Asante, aliyefikishwa mwaka 1900, na baadaye Yaa Asantewaa, aliyefia kisiwani humo mwaka 1921. Hawakufungiwa vyumbani. Walipewa nyumba, posho na ruhusa ya kuwa na baadhi ya jamaa zao, walifundishwa kusoma, wakabatizwa, Mwanga kwa jina la Danieli na Kabalega kwa jina la Yohana. Wala kisiwa hakikuwa kitupu cha watu wa bara yao. Tangu 1861 manowari za Kiingereza zilikuwa zimewateremsha Mahé Waafrika zaidi ya 2,000 waliotolewa katika majahazi ya watumwa, wengi wao wenye asili ya nchi hizihizi za mashariki. Serikali iliyowashusha wale kwa jina la uhuru iliwashusha hawa kwa jina la amani, na wote hawakuwa na chombo cha kurudia.

Kwa mtu wa pwani dawa iligeuzwa. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewalisha watu wake kiapo cha kukataa kodi na kazi za mashamba ya wazungu, alikamatwa mwaka 1913 pamoja na Wanje wa Mwadori. Hawakupelekwa kisiwani. Walipelekwa Kisii, karibu na ziwa, mamia ya kilomita kutoka kaya zao. Watawala walidhani umbali wa nchi kavu utafanya kazi ya maji. Mwezi Januari 1914 wawili hao walitoroka, wakarudi kwao kwa miguu, Mekatilili akiwa mtu mzima wa makamo. Alikamatwa tena mwaka uleule akarejeshwa Kisii; Wagiriama wakachomewa nyumba, na Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Lakini alikwisha kuonyesha kwamba ardhi hupitika. Kabalega, mwenye mkono mmoja na maili elfu za maji mbele yake, hakuwa na njia ya kujaribu.

Marejeo yao ni sura ya pekee. Mwanga alifariki Shelisheli mwaka 1903, na mifupa yake ikarudishwa 1910 kuzikwa Kasubi. Kabalega aliruhusiwa kuondoka mwaka 1923, baada ya miaka 24. Alifika Jinja, kando ya Nile, akafariki katika kilima cha Mpumudde mwezi Aprili kabla ya kuiona Bunyoro. Maiti yake ndiyo iliyofika Mparo. Prempeh alirudi Kumasi mwaka 1924, kama raia wa kawaida kwanza.

Na Khalid? Alikaa Dar es Salaam miaka ishirini, hata vita vya Wazungu vikamfikia na Waingereza wakamtia mkononi mwaka 1916. Safari hii hapakuwa na mlango wa bustani. Alipelekwa St Helena, kisiwa alichofia Napoleon, na Shelisheli. Baadaye akaruhusiwa kurudi Afrika ya Mashariki, akawekwa Mombasa. Alifia huko mwaka 1927, katika mji ambao majahazi ya Unguja yalikuwa yakitia nanga kila kusi na kila kaskazi.