Joto, Gundi na Mbano: Historia ya Viti vya Plaiwudi

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, kaskazini mwa Tanzania, yakazoa nyumba na maduka ya Katesh na vijiji jirani, na kuua watu zaidi ya 80. Samani zilizosalia zililowa tope. Katika hali kama hiyo plaiwudi ndiyo huumia upesi: tabaka zake hufura na kubambatuka, na kiti kilichopindwa huonekana hakifai ila kuwa kuni. Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa mapema mno.

Ili kuona kwa nini, tuanze na jinsi mti unavyopindwa. Elimu ya kuupa mti umbo jipya ilikuwapo katika wilaya jirani ya Mbulu kabla ya kiwanda chochote. Katika bonde la Yaeda Chini, Wahadzabe, jamii ya wawindaji, hupasha vijiti vya mishale kwenye makaa, kisha huvinyoosha kwa mikono na meno. Joto hulegeza nyuzi za mti, nao ukipoa hushika umbo ulilopewa.

Joto hilohilo lilimsaidia Michael Thonet, seremala wa Boppard, Ujerumani. Miaka ya 1830 alichukua vipande vyembamba vya mbao, akavilainisha katika gundi ya moto, akavipinda pamoja. Viti vilipendeza, lakini gundi ya zama zile, iliyotokana na wanyama, haikuvumilia unyevu, tabaka zikaachana. Ndipo akageukia mti usiopasuliwa tabaka, akaupinda kwa mvuke. Kiti chake namba 14, cha mwaka 1859, kiliuzwa kwa mamilioni.

Tabaka zilirudi kwa nguvu miaka ya 1930, viwanda vilipopata gundi za kikemikali zinazohimili maji zaidi. Alvar Aalto wa Finland alibuni kiti cha plaiwudi kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu wa hospitali ya Paimio. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Charles na Ray Eames wa Marekani walitengeneza mabanzi ya plaiwudi ya kufungia miguu iliyovunjika ya wanamaji, na ujuzi huo ukazaa viti vyao maarufu.

Basi kilichoundwa kwa gundi na mbano hutengenezwa kwa gundi na mbano. Kikaushe kiti kivulini, polepole, kwa siku kadhaa. Jua kali hukipinda vibaya. Ondoa tope na gundi kuukuu kati ya tabaka kwa kisu chembamba. Ingiza gundi ya mbao kwa bomba la sindano hadi ndani kabisa. Kama kiti kitakaa penye unyevu, chagua gundi isiyoogopa maji. Funika kwa nailoni, kisha bana kwa vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kufuata mkunjo, ukizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Acha siku nzima. Usipige msumari kwenye mkunjo, maana utazipasua tabaka. Ila nyuzi zikishaoza na kumegeka kwa kidole, gundi haina pa kushika. Sehemu hiyo ikatwe, iwekwe kiraka.

Vyuo vyetu vya useremala hufundisha kuunda kitu kipya. Vifundishe pia kukarabati plaiwudi iliyopindwa, kwa sababu kazi hii haihitaji mashine kubwa, na kila kiti kinachopona ni fedha ambayo familia itaitumia kwa ada au chakula.