Msalaba wa Chitambo na Mlei Aliyesali Chini ya Mti



Katika yubile hii tunawakumbuka waliotutangulia katika imani. Wengi wao hatujui hata makaburi yao. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza habari za msalaba mmoja ulio ng'ambo ya mpaka wetu, nchini Zambia, ndani ya pori la miombo lililo kama pori letu la Katanga. Umesimama juu ya mnara wa ukumbusho uliojengwa mwaka 1902, mahali palipokuwa kijiji cha mfalme Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu.

Hapo alifariki David Livingstone, tarehe 1 Mei 1873, akitafuta chanzo cha mto Nile. Alidhani Lualaba yetu ndiyo Nile. Na kweli maji ya Bangweulu hushuka kwa Luapula mpaka kuingia Lualaba, lakini huishia katika mto Kongo.

Watu wake, Susi, Chuma na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti wa mupundu, ule ambao watoto wetu wanapenda matunda yake. Mwili wakaukausha juani. Hapakuwa na padri wala mchungaji. Aliyesoma sala za maziko ni Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa na misioni huko Nashik, India. Naye ndiye aliyechonga katika mti jina la marehemu, pamoja na majina matatu ya wenzi wa safari. Mfalme Chitambo akaja kuomboleza pamoja nao.

Kisha wakaubeba mwili kwa muda wa miezi tisa. Huko Unyanyembe, karibu na Tabora, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike palepale, wakakataa. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na Mapadri wa Roho Mtakatifu wakaupokea katika misioni yao, ingawa marehemu alikuwa Mprotestanti. Ukazikwa London, katika Westminster, tarehe 18 Aprili.

Mupundu ule ulianza kuoza, ukakatwa mwaka 1899. Kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Ndipo mnara ukajengwa.

Mnara huo huitwa kwa jina la Livingstone, na ni haki. Lakini sala iliyosaliwa pale ilikuwa sala ya mlei. Jumuiya ngapi za kwetu zilianza vivyo hivyo: mtu mmoja ajuaye kusoma, kitabu kimoja, na wenzake wakimzunguka! Basi tunapowataja Maaskofu na wamisionari, tusiwasahau makatekista wa kwanza. Wazee wanaokumbuka majina yao wangali pamoja nasi. Tuwaulize, tuyaandike mapema, maana hata mupundu huoza.

Mungu awajalie wote raha ya milele.